Kidole Kimoja, Orodha Moja

Bi Kalunde alikuwa akicheka peke yake kitandani, na Nyamizi, aliyerudi usiku kutoka safari ya siku tatu na sasa alikuwa uani akitafuta ndala zake, aliposikia kicheko hicho moyo ukamtulia. Mtu anayecheka ni mzima. Akaingia na bakuli la uji, akatoa shikamoo, akasubiri. Mama yake alikuwa ameelekeza macho yake meupe darini, na kwa adabu ile anayowawekea wageni akasema, "Asante sana mwanangu, na wewe uwe na siku njema."

"Mama, unaongea na nani?"

Hakujibiwa. Nyamizi akaweka bakuli chini, akamgusa bega. Mama yake akaruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Nani?" Bi Kalunde akapapasa mkono uliomshika, akapanda nao mpaka kwenye bangili ya shaba. "Ni wewe Nyamizi. Sasa mbona huongei?"

"Naongea, mama."

"Mbona huongei, mwanangu? Nimekukosea nini?"

Nyamizi alipaza sauti, akainama mpaka mdomo wake ukakaribia kuligusa sikio la mama yake, ingawa katika mji mzima wa Tabora hakuna aliyejua zaidi yake kwamba kupaza sauti hakusaidii kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akiyauza masikio hayo, chini ya mwavuli wa njano wa kampuni ya Mwangwi, karibu na geti la stesheni. Homa ya uti wa mgongo ilipopita mkoani iliwaacha watu wengi hai lakini viziwi, na Mwangwi wakaja na mahema na madaktari, wakawapasua watu nyuma ya sikio na kuwawekea kifaa bila malipo. Watu waliimba na kuwashukuru. Baadaye wakaelewa kwamba kilichotolewa bure ni chuma tu, na kwamba sauti zenyewe ni za kununua.

Mwenye uwezo hununua Sauti Zote, akasikia dunia kama Mungu alivyoiumba, pamoja na majogoo na majirani wanaogombana. Asiye nao hununua Watu Watano. Kwa kifurushi hicho unachagua watu watano, kila mmoja anakwenda kwa wakala na kusema jina lake mbele ya kinasa sauti, na kuanzia hapo sikio lako linawasikia hao watano tu. Wengine wote, hata wakikupigia kelele puani, hawapo. Sauti pekee inayoingia bila kuchaguliwa ni ya kampuni yenyewe, inayokuamkia asubuhi na kukutangazia ofa.

Bi Kalunde alikuwa amewachagua wake kwa siku nyingi, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha kwenda kwa presha na kwake mtu asiyesikika ni mtu asiyekuwepo. Alimweka Nyamizi. Alimweka Mihayo, mwanawe aliyeko Mwanza. Alimweka dada yake, na jirani yake Mama Siwema, na wa tano akamweka muadhini wa msikiti wao, ili asikose kujua saa ya sala. Watu walimcheka kwa huyo wa tano. Yeye hakujali.

"Tangu juzi mmeninunia wote," Bi Kalunde alisema sasa. "Mihayo hapigi. Mama Siwema haji. Hata adhana hawaadhini tena, kama vile na wao nimewatukana. Ninasali kwa kumsikiliza yule binti wa kampuni. Akiniambia habari za asubuhi najua ni alfajiri, nasali. Yeye peke yake ndiye anayenikumbuka."

Nyamizi akaketi kitandani, akamkumbatia. Alitamani kumwambia kwa mikono kwamba hakuna aliyemnunia, lakini hakujua mikono husemaje neno kama hilo, na mama yake hakuwahi kujifunza kusoma hata herufi moja ya kuchorwa kiganjani. Akabaki amemshika tu, uji ukapoa.

*

Kwenye ofisi ya Mwangwi, Lusekelo wa dirisha la huduma aliingiza namba ya sikio la Bi Kalunde, akatazama kioo chake kwa muda, kisha akamtazama Nyamizi kwa namna ambayo Nyamizi hakuipenda. Walijuana tangu enzi za mahema.

"Sikio ni zima, dada. Kifurushi kipo. Orodha ndiyo imebadilika."

"Nani kaibadilisha? Mama haoni, mimi sijaigusa."

"Mtambo." Akapunguza sauti. "Kuna utaratibu mpya. Kidole kimoja, orodha moja. Mtambo umepita mikoa yote kutafuta watu waliosajili masikio mawili kwa kidole kimoja, na kila ulipowakuta umeziunganisha orodha. Inabaki ile mpya. Ya zamani inafutwa."

"Mama ana sikio moja."

Lusekelo hakubishana naye. Alimpa kisikilizio na kubonyeza, na sauti ya mwanamke ikasema, kwa lafudhi ya watu wa makambi ya zamani waliotoka Burundi: "Mimi ni Mama Keza, naomba nisikike." Ikafuata ya bibi mkongwe, ya mvulana anayebalehe, ya mwalimu, na mwisho ya msichana mdogo aliyekuwa akizuia kicheko: "Mimi ni Zubeda, naomba nisikike."

Nyamizi alizijua zote. Yeye mwenyewe ndiye aliyezinasa.

Ilikuwa siku ambayo Mama Keza alikuja pale mwavulini na mtoto wake wa kike, Keza, kiziwi tangu ile homa, mtoto mwenye macho yanayokufuata mdomo kila unapokwenda. Kifaa alikuwa amepasuliwa na kuwekewa, lakini hakikuwahi kuwashwa, kwa kuwa kukiwasha kunahitaji kidole cha mtu mzima mwenye kitambulisho, na katika nyumba yao hakuna aliyekuwa nacho. Kila mwaka waliambiwa waje mwaka unaofuata. Nyamizi alimhurumia mtoto. Vilevile alikuwa hajafikisha lengo la mwezi. Jioni akarudi nyumbani na mashine yake, akamwambia mama yake wajaze kifurushi, Bi Kalunde akabonyeza kidole, kisha Nyamizi akasema lile neno ambalo kila wakala nchini amewahi kulisema: mtandao umegoma, bonyeza tena. Bi Kalunde akabonyeza tena. Kidole cha kwanza kilikuwa chake, cha pili kikawa sikio la Keza. Mawakala hufanya hivyo kama mtu anavyochota chumvi kwa jirani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukesha kwa ajili yake.

"Namba ya wakala aliyesajili sikio la pili iko hapa," Lusekelo alisema. "Nimeiona, halafu sijaiona. Lakini mimi siwezi kuirudisha orodha ya zamani, dada. Haipo."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Njia ni mbili. Ya kwanza, uandikishe kwamba sikio la pili ni la udanganyifu. Linafungwa leo hii, mama yako anaanza orodha mpya, anawapata wake watano. Wewe kazi imekwisha, hilo lieleweke. Na lile sikio la pili halifunguliwi tena hata mwenyewe akipata kitambulisho, maana namba ya kifaa inaingia kwenye orodha nyeusi."

"Ya pili?"

"Kifurushi cha chini kinaruhusu kubadili sauti moja kwa mwaka. Moja tu. Mmoja atoke, wewe uingie. Kidole cha mama yako kinatosha, wala huhitaji kumuuliza mtu." Akasita. "Ila kumbuka, orodha ni moja na masikio ni mawili. Ukiingia, unaingia kote. Anayetoka, anatoka kote."

"Na nikimnunulia mama Sauti Zote? Nikakopa?"

"Sauti Zote haitoki kwa kidole chenye masikio mawili. Mtambo unakataa, wala sikio lililokwisha kusajiliwa halihamishiwi kidole kingine." Alionekana kuona aibu kwa niaba ya mtambo. "Sisi tunauza tu, dada Nyamizi. Hatukuutengeneza sisi."

*

Alirudi nyumbani akiwa amekwisha kata shauri. Alimshika mama yake mkono, akakiweka kidole gumba chake kwenye kioo cha mashine, na Bi Kalunde akakiacha kifanyiwe chochote, kwa kuwa ni mkono wa mwanawe. Mashine ikauliza: *Nani atoke?* Majina matano yakajipanga.

Zubeda, aliwaza. Watoto hubadilisha marafiki. Leo wanagombana, kesho wana mwingine. Akapeleka kidole mpaka juu ya jina, na pale pale akakisikia kile kicheko kilichokuwa kikizuiwa, akauona uso wa Keza siku ile sikio lilipowashwa. Sauti ya kwanza kumfikia ilikuwa ya Zubeda, na mtoto alishika masikio yake kwa mikono miwili kama anayeogopa kitu kisimwagike. Nyamizi akazima mashine. Alijichukia kwa kuizima, kwa sababu mama yake alikuwa palepale, ameketi katika giza na kimya, akisubiri mwavuli wa njano umwambie habari za asubuhi.

Alimkuta Mama Keza kwenye ghala la tumbaku, amekaa na wanawake wenzake wakichambua majani kwa madaraja. Walitoka nje, wakakaa juu ya magunia. Keza alikuwa akicheza na kamba karibu na ukuta, na Nyamizi aliposalimu, mtoto hakugeuka. Nyamizi hakuwa mmoja wa watano.

Alimweleza yote. Hakuruka kitu, hata lile la lengo la mwezi. Mama Keza alisikiliza huku akiendelea kulinyoosha jani moja gotini, jani lile lile, mpaka likachanika.

"Uliniambia usajili ni safi."

"Nilikuambia hivyo."

"Ulifanya kwa kamisheni au kwa huruma?"

"Vyote viwili."

"Vyote viwili," Mama Keza alirudia, akatikisa kichwa. "Basi hata kukutukana siwezi vizuri. Na ungeweza kwenda kulifunga sikio la mwanangu leo asubuhi, ukampata mama yako mzima. Mbona hukwenda?"

"Sijui, dada. Nilishindwa."

"Ukashindwa, ukaniletea mimi nichague." Alisema bila kupaza sauti, na ndiyo maana ilimchoma Nyamizi zaidi. "Haya, tuchague. Mwalimu akitoka, shule imekwisha. Kaka yake ndiye anayemvusha barabara, na hizi bodaboda za umeme hazina mlio. Bibi yake hajui Kiswahili cha kutosha, wala mikono yake haina nguvu ya kuonyesha kitu. Akimkosa huyo, amemkosa kabisa. Zubeda..." Akamtazama mtoto na kamba yake. "Kabla ya Zubeda alikuwa hachezi."

Ndani ya ghala mtu alikohoa kwa vumbi la tumbaku.

"Nitoe mimi," Mama Keza alisema.

"Hapana, dada. Wewe ni mama yake."

"Ndiyo maana. Mimi ananiona. Ananijua hata kwa harufu ya haya majani. Nilimlea miaka yote hiyo hasikii, na akanielewa. Mama yako hakuoni wewe." Akasimama, akakung'uta kanga. "Ila asijue kwamba nimekubali mwenyewe. Nitamwonyesha kwa mikono kwamba mashine imeharibika. Mtoto husamehe mashine."

Nyamizi alipaswa kukataa. Alilijua hilo wakati ule, na hata sasa analijua. Alipaswa kusema hapana, kisha kwenda kukaa na mama yake gizani mwaka mzima amemshika mkono. Badala yake akasema asante, na neno lenyewe lilimtoka haraka mno, kama la mtu aliyekuwa amelishika tayari mdomoni.

*

"Mama."

Bi Kalunde alikuwa akichambua mchele kwa vidole. Mikono ikasimama.

"Mama, ni mimi."

"Sema tena."

"Ni mimi, mama. Nyamizi."

Mama yake hakulia mara moja. Kwanza alimgombeza. Alimgombeza kwa kununa kimya, kwa kumwacha aongee na binti wa matangazo kama kichaa, kwa uji uliopoa. Halafu ndipo akalia, akimshika Nyamizi mashavu kwa mikono yenye pumba za mchele, na kumwamuru aendelee kusema, chochote, hata bei ya nyanya. Nyamizi akamwambia bei ya nyanya. Kwa siku chache zilizofuata alikuwa na furaha aliyoionea aibu. Adhana ilipoitwa alimwambia mama yake adhuhuri imeingia. Mihayo alipopiga, alimrudishia maneno yake. Bi Kalunde alipouliza mbona wengine hawasikiki, alimwambia ni mtandao, na mama yake akaamini, maana hakuna aliyewahi kuishi nchini asiamini hilo.

Alasiri moja, Mama Keza akatokea mlangoni, amemshika Keza mkono. Bi Kalunde alikuwa kwenye mkeka barazani na hakujua kwamba mtu ameingia. Mama Keza alikuwa amekonda. Hakuketi.

"Nina shida, dada," alisema. "Hakubali kwamba ni mashine. Anawasikia wenzangu wanne, mimi tu ndiye nimenyamaza. Anaona midomo yangu inacheza, haisikii, anadhani nimemfungia moyo. Jana usiku alilala kwa bibi yake. Leo asubuhi nimemwekea chakula akakirudisha."

Keza alikuwa akitazama chini.

"Mikono yangu haielewi tena. Zamani alikuwa hajui sauti, mikono ikamtosha. Nilidhani tutarudi kule. Kumbe hakurudiki." Akamtazama mwanawe. "Kaka yake nimemtuma amweleze, anasema kaka ananitetea tu. Lakini wewe nasikia anakusikia. Kabla hajanisusa aliniuliza kwa vidole ni mwanamke gani anayeuza vocha stesheni na kumwingia sikioni kila akipita. Mwambie. Mwambie sijamkasirikia."

Nyamizi akapiga magoti mbele ya mtoto. "Keza," alisema, na mtoto akashtuka, akainua uso. "Mama yako anasema..."

"Hapana," Mama Keza alimkatiza. "Usiseme 'mama yako anasema'. Amechoka na watu wa kumwambia nilichosema. Sema maneno yangu kama yalivyo. Nitakutangulia."

Basi akamtangulia. Alisema sentensi fupi, taratibu, akimwangalia mwanawe, na Nyamizi akazirudia moja baada ya nyingine, kwa kuwa asingeweza kumnyima hata hicho.

"Mimi mama yako sijakukasirikia," Nyamizi alisema.

"Nipo hapa. Sijakwenda popote.

"Nakuita kila siku. Usiku ukilala nakuimbia ule wimbo wako.

"Rudi ulale kwangu, mwanangu."

Keza alisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo. Machozi yakamjaa, akafanya uso wa mtu aliyesamehe. Kisha akaufuata ule mdomo uliokuwa ukitoa sauti. Akamrukia Nyamizi shingoni, akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Mama Keza alikuwa amesimama nyuma yake, mikono nusu imenyooshwa, na hakuna aliyekuja kuijaza.

Barazani, Bi Kalunde alikuwa amegeuza kichwa. Maneno ya Mama Keza hayakumfikia, ya Keza hayakumfikia. Ya mwanawe yalimfikia yote.

"Nyamizi," aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kutumaini. Alikuwa amemwombea binti yake mtoto kwa miaka mingi, mpaka akaacha kulitaja jambo hilo ili asimuumize. "Nyamizi, umesema wewe ni mama wa nani? Kuna mtoto hapo?"

Jibu lolote ambalo angelitoa lingeingia katika masikio mawili. Akisema ni mtoto wa mwanamke ambaye sauti yake nimeitoa ili wewe unisikie, mama yake angejua bei ya sauti anayoisikia, na angetaka sikio lake lizimwe siku hiyohiyo, arudi kwenye kimya chake; Nyamizi alimjua mama yake. Na Keza naye angesikia kwamba mama yake hakuharibikiwa na mashine, bali alikaa juu ya gunia akakubali. Alimtazama Mama Keza. Mama Keza alitikisa kichwa, kidogo sana: asijue.

"Nyamizi? Mtoto wa nani?"

"Wangu, mama," Nyamizi alisema.

Keza akamwachia shingo. Akarudi nyuma hatua moja, akamtazama Nyamizi, kisha akamtazama mama yake usoni, akisubiri akanushe. Mama Keza akafungua mdomo. Akasema, "Wewe ni wangu," akasema tena, akalirudia mara nyingi, akijigonga kifua kwa ngumi, na mtoto akaitazama ile midomo ikicheza bila kutoa chochote.

"Alhamdulillahi," Bi Kalunde alikuwa akisema pale mkekani, machozi yakimtiririka. "Na ulinificha. Mlete. Mlete nimshike."

Mama Keza akamshika mwanawe mkono, wakatoka. Nyamizi aliwaona kupitia uwazi wa ua wakishika njia, mama akiendelea kuongea, mtoto akitazama mbele. Nyuma yake mama yake alikuwa bado amenyoosha mikono miwili hewani, akingoja kitu kiwekwe ndani yake.